Uzi maalum: Mzungu akikuandikia "inclined" usishangilie wala usinune, soma kwanza hapa

Mleta uzi

Wakuu salaam. Nimeona kwenye nyuzi za ajira na skolashipu hili neno "inclined" linagombanisha watu bure. Mtu analeta imeili aliyojibiwa "we are inclined to support your proposal", nusu ya wachangiaji wanampa hongera na kuulizia mbuzi, nusu nyingine wanamwambia hapo kapigwa chenga asahau. Pande zote mbili zinakosea, na ukishaelewa neno lenyewe limekaaje utaona kwa nini.

Linatamkwa in-klaindi, mkazo uko nyuma. Kamusi itakupa maana mbili. Ya kwanza ni kitu kilicholala upande, yaani hakijasimama wima na wala hakijalala chali, kama ubao ulioegemezwa kwenye lori au njia inayopanda kilima. Ya pili ni mtu ambaye akili yake au moyo wake umeelemea upande fulani. Watu wanazisoma kama vile ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati, ila hapana, ni neno moja. Limetoka kwenye Kilatini cha kuegemea, "inclinare", na ndugu zake ni "recline" ya kujilaza kwenye kiti na "decline" ya kushuka au kukataa. Hata "clinic" iko kwenye ukoo huo kupitia Kigiriki, neno la kitanda, maana mgonjwa kajilaza. Na "climate" nayo imo, Wagiriki wa kale walikuwa wanaigawa dunia kwa mikanda kulingana na ulalo wake kutoka ikweta kwenda ncha ya kaskazini, na ulalo ndo "klima".

Sasa shika hapo kwenye ubao ulioegemea. Umeelemea upande, ni kweli, ila haujaanguka. Mtu anayekwambia "I am inclined to agree" yuko kwenye hali hiyo hiyo, akili imeelemea kwako ila hajaanguka upande wako, na bado anaweza kunyanyuliwa akasimamishwa wima au akasukumwa upande mwingine kabisa. Kwa hiyo yule wa imeili hajakubaliwa. Hajakataliwa pia. Ameambiwa "tunaelekea kukukubalia, bado hatujasaini".

Ila sasa kuna mtego. Ukiweka "not" mbele, neno linabadilika nguvu. "We are not inclined to proceed" haimaanishi wapo katikati wanatafakari, hiyo ni hapana kavu iliyovalishwa suti. Kwenye ndiyo linakuwa nusu, kwenye hapana linakuwa zima. Hili hakuna kamusi ya mfukoni itakayokwambia na ndo linalowaumiza watu, mtu kaandikiwa "not inclined" anakaa miezi anasubiri jibu wakati jibu keshapewa.

Karibuni wenye nondo mshushe.

Mgeni wa Jiji

Mkuu asante, mimi huwa natafsiri "nina mwelekeo wa kukubali". Iko sawa?

Mleta uzi

Kwenye karatasi iko sawa, mdomoni hapana. Hakuna mtu anaongea hivyo, na "mwelekeo" kwa Kiswahili cha mtaani una mambo yake, tukisema "yule kijana hana mwelekeo" hatuna maana kwamba hajaamua, tuna maana kapotea. Jaribu "nashawishika kukubali". Hilo ndo limekaa pale pale, maana nalo linaonyesha kwamba kuna kitu kinakuvuta na bado hujatia muhuri. Magazetini wanalitumia sana, "nashawishika kuamini kwamba". Ukiwa unaongea na rafiki sema tu "naona kama nakubaliana na wewe" au "mimi naegemea huko".

Na angalia sarufi yake, wengi hawaioni. "I am inclined" imekaa kama ya kutendwa. Nani kamuinamisha? Hoja zako, ushahidi, hali ya bajeti, chochote kile. Mzungu anaweza kukiweka hicho kitu mbele akasema "your report inclines me to believe", yaani ripoti yako ndo imenisukuma upande. "Nashawishika" yetu nayo imejengwa hivo hivo, kuna kinachonishawishi.

Karani Mstaafu

Mleta mada umegusa panaponihusu. Mahakamani neno hili nimelisikia mpaka basi. Kesi inaendelea, wakili anaongea, jaji anamkatisha, "counsel, I am inclined to refuse this application". Wakili mchanga ananywea anakaa chini. Wakili mzoefu hakai, anajua hapo jaji kafungua dirisha, anamwonyesha upande alioelemea ili apewe sababu ya kutoka huko. Dakika tano zinazofuata ndo kesi yenyewe.

Lakini kwenye hukumu iliyokwisha kuandikwa mambo ni tofauti. Ukikuta "I am inclined to agree with the learned counsel" ujue keshakubali na kamaliza, hapo neno limebaki kuwa adabu ya uandishi tu, hakuna dirisha lolote. Usije ukamwambia mteja wako jaji bado anafikiria.

Tangu sheria ilivyobadilishwa 2021 Kiswahili kikawa ndo lugha ya mahakama Tanzania, hizi sentensi zinahitaji sura ya Kiswahili, na mimi naunga mkono hilo la "nashawishika kukubaliana na wakili msomi". Linatosha kabisa. Wanaoandika "ninao mwelekeo wa kukubaliana" wananiumiza masikio.

Mama Watatu (Nairobi)

Hii thread imenipata vizuri. Ripoti fomu ya kijana wangu ilikuja imeandikwa "he is not academically inclined but is a cheerful boy". Baba yake akasema si mbaya, mtoto ni mchangamfu. Mimi nikashuku. Hebu niambieni ukweli bila kunificha.

Mleta uzi

Dada pole kidogo. Hiyo ni heshima ya walimu ya kusema masomo hayampandi. Hapa neno limepewa kielezi mbele: "academically inclined", "musically inclined", "mechanically inclined", "mathematically inclined". Muundo huu hauongelei kuamua wala kukubali, unaongelea mtu kaumbikaje, kipaji au hulka yake inamvutia wapi. "Musically inclined" ni mtu mwenye sikio la muziki, siyo lazima awe mwanamuziki. "Mechanically inclined" ni yule mtoto anayefungua redio ya babu yake na anaweza kuirudisha.

Na kanuni ya "not" inafanya kazi hapa pia, ikiwekwa inakuwa nzito kuliko inavyosikika. Uzuri ni kwamba mwalimu hakusema hawezi. Kasema havutwi huko. Nenda kamuulize anavutwa wapi, na umuulize kwa sentensi hiyo hiyo, "what is he inclined towards then", atakosa pa kujificha.

Mama Watatu (Nairobi)

Nitaenda Ijumaa. Baba yake bado anasherehekea "cheerful".

Ticha wa Fizikia

Habari za jioni. Mnaongea moyo moyo tu, mimi nataka kurudi kwenye ubao maana huko ndiko neno linakofelisha watoto.

Kwenye mashine sahili tuna mteremko wa kupandishia mizigo, Kiingereza "inclined plane". Kwanza onyo, ukiiachia programu ya kutafsiri inaweza kukuletea "ndege", maana "plane" kwao ni ndege tu. Hakuna ndege hapa. Ni uso bapa uliolazwa mshazari, ule ule ubao wa kupandishia pipa kwenye lori.

Kazi yake ni hivi. Lori lina kimo cha mita 1, ubao una urefu wa mita 4. Ukigawa urefu kwa kimo unapata 4, huo ndo uwiano wa mwendo. Maana yake pipa la uzito wa niutoni 800 kama hakuna msuguano utalisukuma kwa niutoni 200 tu badala ya kulibeba lote. Kwa kuwa msuguano upo, tuseme utatumia 250. Gawa 800 kwa 250 unapata 3.2, halafu 3.2 kwa 4 ni asilimia 80, ndo ufanisi. Unachookoa kwenye nguvu unakilipa kwenye safari, badala ya kunyanyua mita 1 unasukuma mita 4. Hapo hakuna cha bure.

Sasa linapofelishia. Swali linasema "inclined at 30° to the horizontal", pembe inapimwa kutoka sakafuni. Swali lingine linasema "inclined at 30° to the vertical", pembe inapimwa kutoka kwenye wima, kwa hiyo kutoka sakafuni ni 60. Wanafunzi wanaona 30 wanaingiza 30 wanasonga mbele. Kwa boksi la niutoni 100, ulalo wa 30 kutoka sakafuni unalivuta kuelekea chini kwa niutoni 50. Ulalo wa 30 kutoka kwenye wima unalivuta kwa kama 86.6. Tofauti yote hiyo imetokana na neno moja baada ya "to". "Inclined" peke yake haina maana mpaka uambiwe imeelemea kutoka wapi.

Mleta uzi

Ticha hiyo sentensi yako ya mwisho ibandikwe juu ya uzi. Na kwa watu ni hivo hivo, "inclined" inadai mkia. "Inclined to agree", "inclined to laziness", "inclined towards the second option". Ukisema tu "I am inclined" ukanyamaza, Mzungu atabaki anakuangalia anasubiri umalizie. Labda ile ya mkato, "if you feel so inclined" au "if you're so inclined", yaani ukijisikia, ukipenda mwenyewe. Pale "so" ndo imebeba kilichotajwa nyuma. Na hiyo nayo ina adabu yake, bosi akikuandikia "you may attend if you are so inclined" ni hiari kweli, usikimbie kukopa nauli.

Msukuma Chuma

Hahaha nyie wasomi, sisi gym tunaita inklaini na maisha yanaenda. Benchi la inklaini ni lile limenyanyuliwa mgongo kidogo, digrii 30 mpaka 45 hivi, unapiga kifua cha juu. Likilala kabisa ni flati, kichwa kikiwa chini ni dikilaini. Swali langu ni la tredimili, inaandika inklaini 10, jamaa yangu anasema ni digrii 10 mi nasema ni asilimia. Tumebishana mpaka tumechukiana.

Ticha wa Fizikia

Wewe ndo uko sahihi, kwenye tredimili nyingi namba hiyo ni asilimia. Maana yake kila mita 100 za kwenda mbele unapanda mita 10. Kwa digrii hiyo ni kama 5.7 tu. Asilimia 100 siyo ukuta kama watu wanavyodhani, ni digrii 45, umekwenda mita 100 umepanda mita 100. Kibao cha barabarani chenye pembetatu na namba ya asilimia kinasema lugha hiyo hiyo, na dereva wa lori akikuta 10 pale anatakiwa ashuke gia kabla hajaanza kuteremka siyo katikati, breki zikishachemka hazina mjadala.

Mpwani

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nami niongeze moja ya kwetu huku Malindi maana mwaongea pembe na yetu hamuitaji kabisa kwa jina. Pale Ngomeni kuna kituo cha Waitaliano, San Marco, kulikuwa na jukwaa baharini la kurushia roketi. Tarehe 12 Disemba 1970 kilirushwa pale chombo cha Wamarekani cha kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya wakakiita Uhuru. Jina la Kiswahili angani, na wengi hapa hawajui.

Sasa kwa nini waje mpaka kwetu? Ni hilo hilo neno lenu, ila kwa sura ya nomino, "inclination". Njia ya chombo kuzunguka dunia ina ulalo wake, wapimwa kutoka ikweta. Ukirusha roketi moja kwa moja kuelekea mashariki, ulalo wa njia yake watoka sawa na umbali wa digrii wa pale uliporushia kutoka ikweta. Malindi iko kama digrii 3 kusini, basi Uhuru kikazunguka kwa ulalo wa digrii 3 hivi, karibu juu ya ikweta kabisa, na huko chapata msukumo mkubwa zaidi wa mzunguko wa dunia na pia chaepuka ile miale mibaya inayovuruga vipimo. Kile kituo cha kimataifa cha anga za juu kinachokaa watu, chake ni digrii 51.6, ndo maana chapita juu ya nchi nyingi kaskazini na kusini.

Mleta uzi

Sheikh umetuua. Na ona, bado ni kanuni ya ticha, digrii 3 kutoka wapi? Kutoka ikweta.

Tahadhari ndogo hapo kwenye nomino. "Inclination" ya angani ni namba. "Inclination" ya mtu ni matakwa au hulka. "My first inclination was to refuse" ni "wazo langu la kwanza lilikuwa kukataa", na ukisikia "first inclination" jua karibu kila mara inafuata "but". Alitaka kukataa, halafu hakukataa.

Dogo wa Chuo

Wakuu mnisaidie, tofauti ya "inclined to" na "prone to" na "likely to" na "liable to" ni nini? Lekchara kanikatia maksi nimeandika "the area is inclined to floods".

Mleta uzi

Lekchara yuko sahihi ingawa angekueleza. "Inclined" kwa kawaida inataka mwenye hulka, mwenye kuvutwa. Eneo halivutwi na mafuriko, linapatwa. Andika "prone to flooding". "Prone" inabeba balaa, magonjwa, ajali, makosa, na ndani yake kuna picha ya mtu aliyelala kifudifudi, keshalala tayari hana ujanja. Huwezi kusikia mtu ni "prone to success" labda kwa utani.

"Likely" ni hesabu ya uwezekano tu, haijali hulka wala balaa. Mvua ni "likely" kesho. "Liable" ina harufu ya sheria na dhima, "liable to a fine", utawajibika kulipa, na pia inatumika kwa jambo baya linaloweza kukutokea. "Bound to" ni lazima litokee, hakuna kuelemea hapo, ameshaanguka.

Sasa ukweli usemwe, Waingereza wenyewe wanavunja kanuni yangu. Utasikia "this door is inclined to stick", mlango huu una tabia ya kung'ang'ania. Wameupa mlango hulka kama mtu. Na sisi tumesema "una tabia ya", sijui kama umeona, gari letu bovu nalo "lina tabia ya kuzima likifika kwenye tuta". Kwa hiyo kitu kikizoeleka mpaka kinaonekana kina roho yake, "inclined" inaruhusiwa. Kwenye esei ya chuo usijaribu.

Mpwani

Na wale wa kanisani wanalo pia. Jirani yangu Mkristo asoma Biblia ya Kiingereza ya zamani, Zaburi, "incline thine ear". Mimi hudhani ni kuinamisha sikio.

Karani Mstaafu

Ni "tega sikio". Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili walifanya kazi nzuri sana hapo, hawakuinamisha kitu, wakachukua neno ambalo Mswahili anatumia akitaka kusikiliza kwa makini. Na pale panaposema "incline my heart" wakaweka kuelekeza moyo. Neno moja la Kiingereza, maneno mawili ya kwetu, sikio linategwa, moyo unaelekezwa. Ningeshauri watafsiri wa siku hizi wasome Zaburi kwa lugha zote mbili kabla ya kufungua kamusi.

Mwenye Imeili

Mimi ndo yule wa imeili mnayemsema. Mbuzi sijanunua. Sasa nijibu nini? Jamaa mmoja kaniambia nijibu "thank you for accepting our proposal" ili wajisikie vibaya kurudi nyuma.

Mleta uzi

Usifanye hivyo mkuu, ukimshukuru mtu kwa kitu ambacho hajakupa atakuona hujui kusoma au unamtega, na vyote viwili vinamsimamisha wima tena. Mtu aliyeelemea kwako unamwongezea uzito upande huo huo. Mwandikie umefurahi kusikia hivyo, halafu uliza kuna kitu gani wanahitaji kabla ya uamuzi wa mwisho, "is there anything further you would need from us before a final decision". Hapo watakwambia kilichobaki, bajeti, barua ya dhamana, au sahihi ya mkubwa wao. Ukisikia "the board is inclined to" jua kuna kikao hakijakaa. Na wakikujibu safari hii na "not", shukuru, funga faili, peleka andiko kwingine siku hiyo hiyo.

Mbuzi aendelee kula majani.

Dogo wa Chuo

Ya mwisho wakuu, ticha kama yupo. Ngazi imeegemezwa ukutani, swali linasema "inclined at 30° to the wall". Hapa horizontal wala vertical hazijatajwa.

Ticha wa Fizikia

Ukuta wenyewe ndo wima. Kutoka sakafuni weka 60.